Siku Nilipokuwa Mkalimani wa Meno

Ngoja nicheke kwanza mwenyewe, halafu na nyinyi mcheke, maana aibu hii wengine wenu mmeshaisikia kwa midomo ya watu wa kwaya, na wale wameitia chumvi mpaka hailiki tena. Mimi Maman Riziki, fundi wa kushona, mwalimu wa batoto ba kanisa, mwanamke wa Bukavu niliyezoea kusalimiwa kwa heshima, nilirusha ndala yangu ikapita dirishani kwa munganga wa meno, mbele ya watoto walewale niliokuwa nimewafundisha jinsi ya kutulia. Na ndala njo ilikuwa jambo dogo kuliko yote ya siku ile.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, tope la kuta zetu lilikuwa bado halijakauka vizuri, kwetu bado kunaitwa Zaïre, na majirani wengi walikuwa Warundi waliotutangulia kidogo. Cherehani yangu niliiweka nje, chini ya upenu, kwa sababu ndani kulikuwa giza, na watoto walipenda kuja kukaa pale kuokota vipande vya kitambaa (na kuniuliza maswali ambayo hata mchungaji hangeyaweza). Mmoja wao alikuwa Fabiola, mtoto wa Kirundi wa miaka kama tisa, anayelelewa na bibi yake, mama mzee Sidoniya. Mtoto mwenye maneno mengi huyo, anaongea kama redio. Basi siku moja redio ikazimika. Akaja amenyamaza, shavu la kushoto limevimba kama ameficha kiazi ndani, na bibi yake nyuma anatembea ameshika kichwa, anasema mtoto hali, halali, ndizi anampondea kwa uma na bado anaitema.

Nesi wa kambi, mtu wa Uvira, alimtazama akasema jino limeoza mpaka chini, na usaha ule ukiachwa unaweza kwenda mahali pabaya, na hapo hakucheka kabisa. Kambini hapakuwa na munganga wa meno, lakini kulikuwa na mmoja Lilongwe aliyekubali kupokea watoto wa Dzaleka siku ya Alhamisi, na kamioneti ya parokia ingewapeleka, si Fabiola peke yake, na wengine pia wenye meno mabovu, nao hawakuwa wachache.

Shida ikawa watoto wenyewe. Sokoni kwetu kulikuwa na mzee mmoja anayetengeneza baiskeli, na koleo ileile anayonyooshea spoku njo aliyokuwa anang'olea watu meno (aliifuta kwanza, nisimseme vibaya, lakini aliifuta kwa suruali). Watoto walikuwa wamesikia watu wazima, mababa wenye ndevu, wakilia pale kama mbuzi. Mjomba wake Fabiola alizimia kabisa juu ya rundo la matairi. Kwa hiyo neno munganga wa meno likitajwa tu, uwanja unabaki mtupu, na Fabiola na shavu lake alijificha ndani ya pipa la maji la jirani, bahati lilikuwa halina maji.

Mama mzee Sidoniya akaja kwangu akakaa chini, akasema, "Maman Riziki, mi sina nguvu ya kumufunga kamba. Na nikimufunga, atanichukia. We batoto banakusikia. Nisaidie."

Sasa mtu akikuambia hivyo unafanyaje. Nikawaza, nikachukua kiti changu cha kushonea nikakiegemeza kwenye gunia la nguo kuukuu ili kilale kidogo, nikatoa kijiko, nikaiba kioo cha kunyolea ndevu cha Papa Riziki, na nikawaita watoto nikawaambia leo tunacheza munganga wa meno. Mwanzo hakuna aliyesogea. Nikakaa mimi kwenye kiti, nikafungua mdomo, nikasema nani anataka kuona mwalimu wake amekula nini. Hapo wakaja mbio. Wakanichungulia na kijiko, wakahesabu meno yangu vibaya, wakabishana, mmoja akasema ameona sombe ya jana. Halafu tukabadilishana, kila mmoja akawa munganga, kila mmoja akawa mgonjwa, na mimi nikakanyaga cherehani bila uzi ili wazoee sauti ya mashine, trrrr, wakacheka mpaka wakaanguka. Nikawafundisha: ukiona unaumia, usipige kelele, usiruke, inua mkono tu, munganga ataacha. Mkono, nikasema, si mguu. (Kumbukeni niliyasema haya kwa mdomo wangu mwenyewe.)

Tuliucheza mchezo huo mpaka watoto wakaanza kuutaka wenyewe, hata mbuzi wa jirani alichunguzwa meno, na Fabiola, ambaye mwanzo alisimama mbali ameshika shavu, siku moja akaja akakaa kitini bila kuitwa, akafungua mdomo nusu. Nusu tu. Nilifurahi kama nimepata kitambaa cha harusi. Lakini akaniuliza, "Na kule kwenyewe, we utakaa wa kwanza?" Nikamwambia ndiyo, nitakaa wa kwanza, munganga atanitazama, nitashuka, mtaona hakuna kitu.

Mpaka hapo sikuwa nimekosea. Kosa lilikuja siku nesi alipotukusanya akauliza nani anajua Kichewa vizuri aende na watoto, kwa sababu yule munganga hasikii Kiswahili wala Kifaransa, na yeye nesi hawezi kuacha wagonjwa. Mwanamke mmoja wa kwaya, anayependa kutusahihisha sisi wote kila neno, alianza kujikohoza ili aseme, na mimi kabla hajamaliza kukohoa nikasema, "Mi ninajua."

Nilijua nini? Nilijua Kichewa cha sokoni. Nilijua bwanji ya kusalimia, nilijua zikomo ya kushukuru, nilijua eya kuwa ndiyo, na nilijua onse kuwa yote, kwa sababu nikitaka mayai yote ya mtu nasema onse na ninayapata. Tena nilikuwa nimegundua kwamba ukisema eya kwa sauti nzuri na ukatabasamu, Mmalawi anaendelea kuongea kwa furaha na hakuna anayejua kwamba umepotea. Nikaona inatosha.

Alhamisi tukapanda kamioneti asubuhi, watoto wameoga mpaka wanang'aa, tunaimba nyimbo za kanisa njia nzima, tukaingia Lilongwe, tukapita mtaa wa Nsungwi, tukafika hospitali ndogo karibu na Area 49, nyumba safi yenye maua mlangoni. Munganga alikuwa kijana mrefu mpole, koti jeupe lililopigwa pasi vizuri (jicho la fundi halikosi), na msaidizi wake msichana mwenye sauti ya chini. Nikawapanga watoto ukutani, nikawaambia watazame vizuri, nikapanda kile kiti, kiti chenyewe kikalala peke yake na mimi juu yake, miguu ikainuka, na watoto wakasema aaah.

Munganga akachungulia. Akaanza kugonga jino moja moja na chuma chembamba. Sasa nyuma kule kulia nilikuwa na gego ambalo nilikuwa nimelizoea, mnaelewa, siku mbili linauma siku tano linanyamaza, na mimi natafunia kushoto na maisha yanaendelea. Akaligonga. Nikashtuka kidogo. Akauliza, "Mukumva kuwawa?" Haya, kumva mimi naijua, kwa Kirundi kumva ni kusikia, na hata nyumbani, kwa lugha yetu ya Mashi, ni karibu hivyohivyo, kwa hiyo nikaona ananiuliza kama ninamsikia anavyosema. Ningesema simsikii mbele ya watoto? Nikajibu, "Eya." Akagonga tena, akauliza tena, nikasema eya kwa nguvu zaidi, nikaona uso wake umekuwa wa huruma, nikadhani amependa Kichewa changu.

Halafu akauliza, "Ndichotse?"

Mimi nikasikia chote. Kinywa chote, nikasema moyoni, mtu wa adabu huyu, anaomba ruhusa kutazama kinywa chote. Nikamjibu, "Eya, onse."

Akainuka. Akamtazama msaidizi wake. Akauliza polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi, "Onse?"

"Onse, onse," nikasema, "zikomo kwambiri." Na nikawageukia watoto nikawatafsiria kwa sauti ya mwalimu kwamba munganga anasema atatazama kinywa chote, halafu basi, imekwisha. Nilimwona Fabiola ametoa macho makubwa, nikamkonyeza ili asiogope.

Munganga akanishika bega akaongea maneno mengi taratibu, na mimi nikampa eya mahali pote palipokuwa na nafasi. Akageuka. Aliporudi alikuwa na sindano.

Ndugu zangu, mimi sindano naifahamu, naiheshimu, nashonea kila siku, lakini ile haikuwa ya kushonea. Nikataka kusema kitu, na mdomo ulikuwa tayari una vidole vyake, na watoto wamesimama pale ukutani wananitazama mimi kama wanavyotazama bendera, nikajiambia Maman Riziki, ukilia leo, Fabiola hakai kwenye kiti hiki maisha yake yote, na mama mzee Sidoniya utamwambia nini. Nikafumba macho. Ikaingia. Watoto, kama nilivyowafundisha kanisani, wakaanza kuimba ili kunitia moyo, na wakaimba ule wimbo tunaouimbaga kwenye mazishi, kwa sababu njo wanaoujua wote.

Baada ya muda mdomo ukaondoka. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajapigwa ganzi. Nilikuwa na mdomo, halafu sikuwa nao. Nikaugusa, nikakuta kitu kinene cha mtu mwingine. Nikaona hii njo ile ya kupooza, wanakuja kunipeleka Dzaleka nusu mtu, na wakati nawaza hivyo nikafungua jicho moja nikaiona koleo.

Hapo nilitaka kusema acha. Nikatafuta neno kwa Kichewa, sikuwa nalo. Nikatafuta kwa Kifaransa, limekimbia. Kwa Kiswahili kilitoka kitu kama "afyaa, afyaa," na munganga akafikiri ninaitika. Mkono niliowafundisha watoto kuuinua ulikuwa umeshika mfuko wa koti lake na haukutaka kuachia. Mguu ukainuka wenyewe. Sinia la vyuma likaruka na kuanguka chini kwa sauti ya sahani zote za harusi, ndala ikatoka ikapita dirishani, nje mtu akasema "Pepani," yaani samahani, kama kwamba yeye njo amekosea kukaa pale ndala inapopita, mfuko wa koti ukachanika kutoka juu mpaka chini, na katikati ya vurugu hiyo munganga akavuta mkono wake akaniinulia mbele ya macho gego langu, jeusi, lenye mizizi mitatu.

Wimbo ukakatika. Halafu watoto wakapiga makofi, wote, kwa furaha kubwa, na mimi nimekaa pale nimejaa pamba mdomoni, mguu mmoja peku, nimeshika mfuko wa koti la mtu.

Nilimkasirikia yule kijana, nisiwafiche. Nilisema moyoni, nimekuja kuonyesha tu, wewe unaning'oa, wapi na wapi. Lakini sikuweza kugombana bila mdomo, na tena koti lake lilinitia aibu, kwa hiyo nikamfanyia ishara alivue, nikachomoa sindano yangu (ile ya kwangu, ninayoichomeka siku zote kwenye kitambaa cha kichwa), nikakaa kwenye benchi nikaanza kushona mfuko. Msaidizi akaniletea ndala. Akasema kitu, nikasema eya.

Sasa mkalimani amekwisha, nani ataongea na munganga? Nikaona Fabiola anatoka ukutani. Hakuna aliyemsukuma. Anatembea na lile shavu lake, akapanda kiti, kikalala naye, akaanza kuongea na munganga Kichewa, si Kichewa changu cha mayai, Kichewa chenyewe, kinatiririka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kabla ya kuletwa kambini yeye na bibi yake walikaa Kauma, mtaa wa Lilongwe, bibi anauza maandazi mlangoni na mtoto anacheza na watoto wa pale kutwa nzima. Akamwonyesha munganga jino. Akaulizwa, akajibu. Akapigwa ganzi, vidole vya miguu vikakunjika tu. Katikati aliinua mkono, polepole, kama tulivyocheza, na munganga akaacha palepale, akangoja, akaongeza dawa, akaanza upya. Mimi sindano ilikuwa imesimama hewani, sishoni, sipumui. Jino likatoka na usaha wake. Fabiola akalitazama, akaomba lifungwe kwenye karatasi.

Baada ya hapo ikawa kama kugawa peremende. Watoto walisukumana nani anafuata, Fabiola na pamba yake mdomoni akasimama kando ya kiti akiwatafsiria kwa mikono na nusu ya maneno, mmoja aliambiwa meno yake ni mazima akalia kwa uchungu kwamba hatafanyiwa kitu. Nikamaliza mfuko, nikaushona kwa mshono mara mbili, munganga akavaa akaupapasa akacheka, akaniambia maneno mazuri ambayo sikuyaelewa.

Mngedhani aibu imekwisha. Bado. Tulikuwa tumealikwa Nsungwi, kwa Maman Pascaline, mtu wa kwetu Bukavu, ambaye hukusanya akina mama wa maombi nyumbani kwake, na walikuwa wamewaandalia watoto chai na mikate. Tumefika, wamepanga mabenchi uani, Maman Pascaline akanikumbatia akasema mbele ya wote kwamba mwalimu wetu atuombee chakula. Ningeweza kuonyesha mdomo tu, wangeelewa. Lakini nimeshawaambia mimi ni mtu wa namna gani. Nikasimama, nikafumba macho, nikaanza kuomba Mungu abariki chai hii na mikate hii na mikono iliyoipika.

Kilichotoka si Kiswahili. Kilitoka "bvabva yefu wa bvinguni, bvariki fai," na mate, na mluzi kidogo pale gego lilipokuwa. Halafu mama mmoja akasema "Alleluia," na mwingine akaanza kulia, na uani kote wakaitika, wameshika vichwa, wanasema Roho ameshuka, mwalimu ananena kwa lugha. Niliogopa kuacha, nikaogopa kuendelea. Mama mmoja mwenye kipawa cha kufasiri akasimama akatangaza kwamba Bwana anasema mtu mmoja hapa ataandaliwa safari kubwa. Na mimi nilikuwa nimesema chai. Watoto waliuma nguo zao kwa kicheko, machozi yanawatoka, na akina mama wakaona hata watoto wameguswa. Nilipomaliza, nikachukua kikombe changu ili nijifiche nyuma yake, chai yote ikashuka kwenye kifua changu na sikujua mpaka ilipofika tumboni.

Njia ya kurudi, ganzi ikaanza kutoka, na maumivu yakaingia mahali pake. Fabiola alikuwa amekaa karibu yangu kwenye kamioneti, shavu limeshaanza kushuka, redio imewashwa tena. Akanitazama mdomo muda mrefu.

"Maman," akasema, "ile meno yako ingine, munganga alikatala kuitoa?"

Nikamuuliza meno gani.

"Ile yote. Alikuuliza, unasikia kuumia? Ukasema eya. Akauliza, nikutolee? Kuchotsa njo kutoa. We ukamuambia eya, yote. Akakuuliza tena, ukasema yote, asante sana." Akapunguza sauti. "Halafu ukatuambia ni kutazama tu. Nilijua unatuficha juu tusiogope. Nikasema, kama Maman anaitoa yote, mi nishindwe na moja?"

Nikamwona yule kijana mpole alivyomtazama msaidizi wake, alivyonishika bega na kuongea taratibu, na nikaelewa kwamba alikuwa ananibembeleza niachie meno mazima kinywani mwangu. Nilianza kucheka, na kucheka kukaniuma, na uchungu ukanichekesha zaidi, watoto wote wakacheka bila kujua sababu, dereva akageuka kutazama kama tuko salama.

Mngeniuliza kama nilimwambia Fabiola ukweli. Nilimwambia, lakini baadaye, na hakuniamini. Alisema, "We ni mnyenyekevu, Maman."

Mama mzee Sidoniya alitungoja barabarani. Alimshika mtoto shavu, akamgeuza huku na huku, akaliona jino ndani ya karatasi, akakaa chini palepale kwenye vumbi akashukuru kwa Kirundi, muda mrefu, na jioni ile, jua likiwa bado juu, Fabiola alikula sahani ya maharage yaliyopondwa akaomba nyingine. Mimi nilitazama tu, maana sikuweza kula kitu.

Habari ilienea, kwa sababu mtoto yule hawezi kukaa na neno. Kambi nzima ikaniita Maman Onse. Nikipita sokoni Wamalawi wananiita, Wazairwa wananiita, hata yule mzee wa baiskeli aliniamkia kwa heshima, akaniambia nikitaka yaliyobaki yeye yuko. Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, sitamwambia tena mtu ndiyo kwa lugha nisiyoisikia, sana sana kama mtu huyo amevaa koti jeupe.

Nilidhani imeishia hapo. Wiki ile ile mama mzee Sidoniya akaja chini ya upenu wangu asubuhi, amefunga kitambaa kipya, ameshika shavu lake mwenyewe.

"Maman Riziki," akasema, "na mimi linanisumbua moja. Nipeleke kwa yule munganga wako." Akafikiri kidogo. "Lakini ukifika kule, nakuomba, we unyamaze. Mtoto njo ataongea."